Kufunga redio ya CB kwenye lori la volti 24

Nimetoka kumfungia redio ya CB (ya kuongea na madereva wenzake walio karibu) dereva mmoja wa Fuso hapa Tabora, anayepakia Urambo kwenda Kigoma wakiongozana na mwenzake. Redio yenyewe haina shida. Kazi iko kwenye umeme.

Hatua ya 1. Masafa ya redio yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Malizana nao kuhusu kibali kwanza.

Hatua ya 2. Zima gari, fungua hasi ya betri, funga redio mahali mkono wa dereva unafika bila kuinama.

Hatua ya 3: kupata volti 12. Hapa usiwe na haraka. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo, jumla 24, na injini ikiwaka mita inasoma karibu 28. Redio ya CB ni ya mfumo wa volti 12, ambao ukichaji unafika kama 13.8. Ukiipa za lori moja kwa moja utasikia harufu kabla hujashika maiki. Hata soketi ya kiberiti kwenye lori kwa kawaida inatoa 24, umbo lake lisikudanganye.

Utaambiwa, "Si uchukue 12 kwenye betri moja tu?" Kataa. Altaneta inachaji zote mbili kwa pamoja, haijui kwamba moja inanyonywa peke yake. Hiyo inabaki na njaa, mwenzake inajazwa kupita kiasi mpaka maji yanachemka. Mwisho wake zinakufa zote mbili na lawama anapewa altaneta. Tena ukichukua kwenye betri ya juu, ile ambayo hasi yake haiendi kwenye bodi, hasi ya redio inakuwa volti 12 juu ya bodi ya gari. Kwenye redio nyingi kasha limeungana na hasi, kwa hiyo skrubu ya brakiti ikigusa chuma tu, shoti.

Nunua konveta ya 24 kwenda 12, ya amp 5. Redio ya wati 4 inakula kama amp 2 ukibonyeza maiki, kwa hiyo inabaki na nafasi. Mimi nachukua ile nzito yenye mapezi ya alumini. Inapata joto, lakini iko kimya. Zile nyepesi zinakata na kurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na nyingi zinaleta mvumo unaomeza sauti ya mwenzako. Ifunge kwenye chuma penye hewa, siyo chini ya godoro la kabini.

Kabla redio haijaguswa, pima mdomo wa konveta wa kutolea umeme injini ikiwaka, kisha piga resi. Volti zikipanda na resi, irudishe dukani.

Hatua ya 4. Vuta waya wa milimita mraba 2.5 kutoka betri, chanya na hasi. Fyuzi ya amp 5 ikae karibu kabisa na betri: waya ukichubuka kwenye chesi, fyuzi iliyoko nyuma ya redio haikusaidii. Weka swichi kabla ya konveta, maana inakunywa umeme hata redio ikiwa imezimwa. Viungo vilehemu kwa risasi. Kusokota na tepu sikubali, mtikisiko unavilegeza.

Hatua ya 5. Funga antena, pima SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudi kutoka antena), iwe chini ya 2. Usibonyeze maiki bila antena, utaunguza transista ya kurushia.

Hatua ya 6. Sikiliza injini ikiwa imezimwa, halafu ikiwaka. Mlio unaopanda na resi unatoka kwenye altaneta: tenganisha waya wa redio na nyaya nyingine za gari. Ukisikia mlio hata injini ikiwa imezimwa, mtuhumu konveta.