SOMO: Umepunguzwa kazi masika? Fuata njia hii

Assalaam alaykum ndugu zangu. Masika yakiingia, mahoteli ya Nungwi na Paje, huku Unguja, hupunguza watu, na vijana wetu wengi hurudi Pemba na begi moja. Mwaka 2020, wakati wa korona, walirudi kwa mkupuo. Misaada ya serikali ipo. Kinachoniuma ni kuona mtu anarudishwa mlangoni kwa kukosa karatasi.

1. Kabla hujaondoka kazini, omba barua inayotaja kazi uliyofanya na muda wake. Usiseme "nitaifuata baadaye." Meneja akibadilishwa, hakuna anayekukumbuka, na miaka yako sita ya jikoni inakuwa maneno matupu.

2. Nenda kwa sheha (kiongozi wa serikali wa shehia, yaani mtaa au kijiji chako hapa Zanzibar) wa unapoishi, na kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi mkononi. Mueleze hali yako na uchukue barua ya utambulisho.

3. Fika kituo cha Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yaani mafunzo ya ufundi na kazi za mikono. Pemba kipo Vitongoji na kipo Daya. Unguja kuna Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi. Uliza mambo mawili. La kwanza ni uanagenzi, ambapo unasoma darasani huku unafanya kazi kwa mwajiri. La pili ni kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa kwa anachokijua, akifaulu anapata cheti. Hili la pili watu hawaliulizi, na kwa mpishi au fundi umeme wa mtaani ndilo ningeanza nalo.

4. Mtaji uje mwisho. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi una mikopo isiyo na riba.

MASWALI

Swali (Wete): Nina watoto watatu, chuo siwezi kwenda. Nichukue mkopo tu?

Jibu: Dada yangu, kuna biashara unayoifanya tayari? Kama unalima mwani au unauza maandazi na hesabu unaijua, nenda. Kama ndiyo kwanza unafikiria, anza kidogo kwa chako. Mkopo usio na riba nao ni deni, na marejesho hayangoji mwani ukauke.

Swali (Micheweni): Kaya yetu imo TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaosaidia kaya maskini). Inasaidia?

Jibu: Ndiyo. Muulize sheha kama ajira za muda zipo kwa sasa, na zinaanza lini. Ni kazi za shehia zenye malipo, ila ni za siku chache tu, kwa hiyo usiache mafunzo kwa ajili yake.

Swali (Mkoani): Wamenipa barua inayosema nimeacha kazi mwenyewe, na si kweli. Wanataka nitie saini ndipo nilipwe.

Jibu: Usitie, mdogo wangu. Piga picha barua hiyo, chukua mkataba wako, uende Kamisheni ya Kazi ukalalamike. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, inakulinda. Nenda kesho asubuhi, siku za kulalamika zisikupite.