Jinsi ya kuhamisha kesi ya madai kutoka korti moja hadi nyingine nchini Kenya

"Wakili, niligongwa na gari Voi, naishi Voi, lakini kesi yangu ilipelekwa Milimani, Nairobi. Inaweza kurudishwa huku?" Swali hili naulizwa mara kwa mara. Jibu ni kwamba inaweza, ila usianze kuandika ombi kabla ya kumaliza hatua ya kwanza hapa chini.

Hatua ya 1: Chunguza mamlaka ya korti iliyopokea kesi

Kesi iliyofunguliwa kwenye korti isiyo na mamlaka ya kuisikiza haihamishwi. Sheria huihesabu kuwa ni batili tangu siku ya kwanza, na jaji hawezi kuhamisha kitu batili. Msingi huu uko katika Kagenyi dhidi ya Musiramo, uamuzi wa Uganda wa 1968 ambao korti zetu huutegemea hadi leo. Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliukazia tena 2019 katika kesi ya Phoenix of East Africa Assurance.

Anza na kiasi. Kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, hakimu mkuu husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 20, na hakimu mkaazi milioni 5. Wa vyeo vya katikati wana milioni 15, 10 na 7. Kisha tazama aina ya mzozo: ardhi ina Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mambo ya mwajiri na mfanyakazi yana Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ilisema Mahakama Kuu na hizi mbili za hadhi sawa nayo zihamishiane kesi badala ya kuzitupa. Hata hivyo wapo majaji wanaozitupa, kwa hiyo usiweke tumaini lako lote hapo.

Ukigundua kwamba mamlaka hayakuwepo, iondoe kesi mapema na uifungue upya panapofaa, mradi muda wa kisheria haujaisha: miaka 3 kwa majeraha ya ajali, miaka 6 kwa mkataba. Nakusihi uuhesabu muda huu leo. Inauma kumwona mtu aliyevunjika mguu akiambiwa mwaka wa nne kwamba kesi yake ni batili na muda wa kufungua nyingine umempita.

Hali ni tofauti pale ambapo madai yalikuwa ndani ya kiwango wakati wa kufungua, kisha ripoti mpya ya daktari ikayapandisha kupita milioni 20. Hapo korti ilikuwa na mamlaka tangu mwanzo, na kuna kesi halali ya kuhamisha. Omba kabla ya hukumu.

Hatua ya 2: Peleka ombi Mahakama Kuu

Hakimu hana uwezo wa kuipeleka kesi yako kwa hakimu wa mji mwingine kwa sababu tu umemwomba. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Utaratibu wa Madai kinaipa Mahakama Kuu uwezo huo, kwa ombi la upande wowote au kwa hiari yake yenyewe. Mdaiwa anayetaka korti nyingine yenye mamlaka sawa anaweza kutumia kifungu cha 17, lakini afanye hivyo mapema iwezekanavyo. Kama kesi iko Mahakama Kuu tayari na unataka itoke Nairobi iende Mombasa, tumia Agizo la 47, kanuni ya 6, la Kanuni za Utaratibu wa Madai.

Ombi la kifungu cha 17 au 18 hupewa nambari yake, si ile ya kesi.

Hatua ya 3: Andika kiapo (maelezo ya maandishi unayoyaapia) chenye mambo ya kushikika

Mzigo wa kuthibitisha ni wako, na jaji akibaki na shaka, ombi hukataliwa. Hupima urahisi kwa pande zote, gharama, maslahi ya haki, na kama kuna atakayeteseka isivyostahili. "Naishi mbali na sina pesa" peke yake haitoshi. Andika hivi:

"Ajali ilitokea Voi. Afisa aliyechora mchoro wa eneo la ajali yuko kituo cha polisi cha Voi. Daktari aliyenitibu yuko hospitali ya huko huko. Mashahidi wangu wawili ni wachuuzi wa soko la Voi, na kila safari ya Nairobi huwagharimu nauli, malazi na siku mbili za biashara. Mdaiwa ana ofisi Voi, hivyo hatasumbuka."

Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito mkubwa, na wengi huisahau. Ambatisha abstrakti ya polisi (muhtasari wao wa ajali), ripoti ya daktari na hati ya madai.

Usimshambulie hakimu. Kama unaamini anapendelea upande mmoja, mwombe kwanza ajiondoe, na uweke sababu zako kwenye rekodi.

Hatua ya 4: Wasilisha, lipa, kabidhi

Wasilisha kupitia mfumo wa mahakama wa mtandaoni, lipa ada, ukabidhi upande wa pili nakala na uweke kiapo cha makabidhiano, kinachoonyesha kwamba waliipokea. Omba pia kesi iliyo kwenye korti ya chini isimamishwe kwa muda. Kuwasilisha ombi peke yake hakusimamishi chochote, na usipofika siku ya kusikizwa, kesi yako inaweza kutupwa.

Hatua ya 5: Ifuate faili

Amri ikitolewa, chukua nakala iliyoidhinishwa na uipeleke masjala za korti zote mbili. Hakikisha mwenendo wa kesi umepigwa chapa na vielelezo vyote vimesafiri na faili, hasa picha za eksirei, ambazo hubaki kabatini kirahisi. Pata nambari mpya na tarehe ya kutajwa. Kama mashahidi walikuwa wameanza kutoa ushahidi, siku hiyo omba maelekezo: kifungu cha 18 kinairuhusu korti mpya kuanza upya au kuendelea pale ilipofikia. Kama shahidi wako ni mzee au mgonjwa, omba iendelee.