Jinsi ya Kuweka Pingamizi Dhidi ya Ujenzi Mpya Katikati ya Mji Kabla Tingatinga Halijafika

Mkazi wa mji wowote wa Kenya anayeamka asubuhi na kukuta uzio wa mabati umezunguka soko alilozoea kununua nazi na dagaa, kwa kawaida hufanya mambo matatu: humpigia simu mwakilishi wadi wake, hulalamika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kisha hungoja. Yote matatu yana nafasi yake, lakini hakuna hata moja linalohesabiwa kisheria kuwa pingamizi. Nimewasaidia majirani kwa miaka kadhaa kuiandikia barua kaunti, ambayo wazee wetu hadi leo wanaiita kanjo, na nimeona kwamba wengi wao walikuwa na hoja nzito ila walizileta siku zikiwa zimekwisha. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unashughulika zaidi na tarehe na karatasi.

Anza na notisi. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, inamtaka kila anayetaka kujenga, kubomoa au kubadilisha matumizi ya kiwanja apate kwanza kibali cha kaunti, na inataka umma uarifiwe ili mwenye pingamizi aliwasilishe. Arifa hiyo huchapishwa gazetini na kubandikwa kwenye kiwanja chenyewe, ingawa namna ya kubandikwa huacha mengi ya kusema. Mtaani kwetu ubao mmoja ulipigiliwa upande wa ndani wa uzio, nyuma ya mwarobaini, kwa maandishi ambayo mtu angelazimika kuruka mtaro ili ayasome, na aliyeugundua alikuwa mtoto aliyefuata mpira wake. Ukiona ubao wa aina hiyo, upige picha mbili, moja ya maandishi kwa karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mahali ulipobandikwa, kwa sababu picha ya pili ndiyo itakayokuwa ushahidi wako endapo utadai baadaye kwamba umma haukuarifiwa ipasavyo.

Mara nyingi notisi ya kubadilisha matumizi ya ardhi hutoa siku 14. Zihesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye notisi, wala usianze na siku uliyoiona, na usijipe moyo kwamba Jumamosi na Jumapili hazimo. Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hushtuka wakilisikia: chini ya sheria hiyo, mwombaji asiyepata jibu la maandishi ndani ya siku 60 huchukuliwa kuwa amepewa kibali. Kwa hiyo ofisi ikikaa kimya usidhani mradi umelala. Huenda ukawa unapita kimyakimya.

Jambo la pili ni kuomba faili. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza utaratibu wake: ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, huna wajibu wa kueleza unataka habari hizo za nini, na ofisi inapaswa kukupa uamuzi ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika anaweza kueleza ombi lake kwa mdomo, na afisa anatakiwa kuliandika na kumpa nakala. Omba maombi ya kibali yenyewe, michoro ya jengo, ripoti ya mtaalamu wa mipango, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na, ikiwa ardhi ni ya umma, mkataba kati ya kaunti na mwekezaji. Taja kila hati kwa jina lake, maana ukiomba tu "maelezo kuhusu mradi" utapewa kipeperushi chenye picha za maghorofa na miti ya kijani. Ukinyimwa, una siku 30 za kuipelekea malalamiko Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Ombudsman.

Msomaji makini atakuwa ameona mtego uliopo hapo: siku za kujibiwa ombi la habari ni 21, ilhali za pingamizi ni 14. Usingoje faili. Andika pingamizi kwa unayoyajua leo, sema ndani yake kwamba uliomba hati fulani tarehe fulani na hujazipata, na uongeze kuwa utawasilisha hoja zaidi ukizipata. Sentensi hiyo moja huuacha mlango wazi, na pia huiweka kwenye kumbukumbu rasmi picha ya ofisi iliyotaka maoni ya watu huku hati imezifungia kabatini.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Kurasa mbili zinatosha. Juu yake weka namba ya kiwanja kama ilivyo kwenye notisi, tarehe ya notisi, jina lako, mahali unapoishi au unapofanyia biashara, na umbali wako na kiwanja hicho. Baada ya hapo eleza madhara, na katika sehemu hii ndipo barua nyingi huharibika, kwa kuwa mwandishi hutumia nafasi yake yote kumtuhumu gavana, kuuliza nani amekula na kueleza jinsi mji ulivyokuwa mzuri zamani. Yote hayo yanaweza kuwa kweli kabisa, lakini afisa wa mipango hana kisanduku cha kuyaweka. Anachoweza kukipima ni urefu wa jengo ukilinganishwa na kanuni za eneo hilo, uwezo wa mabomba ya majitaka, njia ya maji ya mvua, maegesho, upana wa barabara kwa gari la zimamoto, kivuli na hewa kwa nyumba jirani, na mahali watakapohamishiwa wanaoondolewa. Hasira yako ibadilishe iwe vipimo. Badala ya kuandika kwamba mradi utaleta mafuriko, andika hivi:

"Mtaro ulio upande wa mashariki wa kiwanja una upana wa sentimita 60 na ndio pekee unaopokea maji ya barabara tatu. Mvua za masika mwaka huu maji yalifurika mara nne na kuingia katika maduka yaliyoonyeshwa kwenye picha zilizoambatishwa. Michoro haionyeshi mtaro mwingine, ilhali uwanja ambao sasa hunyonya maji utasakafiwa wote. Ninaomba kibali kisitolewe hadi mpango wa kuondoa maji ya mvua uwasilishwe na wakazi wapewe nafasi ya kuuona."

Kipimo hicho kilipatikana kwa futi ya fundi cherehani, na hakuna mhandisi aliyelipwa. Angalia pia kwamba aya inaishia kwa ombi mahususi, kwa sababu barua isiyoomba kitu hujibiwa kwa neno "tumepokea".

Na kuhusu kupokewa: peleka nakala mbili, ukabidhi moja na urudi na nyingine iliyogongwa muhuri wenye tarehe. Mwaka mmoja tuliacha barua yenye sahihi za watu zaidi ya mia moja mezani kwa karani mpole aliyetuahidi kuifikisha mwenyewe, tukaondoka tumeridhika, na tulipokuja kuiulizia hapakuwa na mtu wala daftari lililowahi kuiona. Karani akisema muhuri uko ofisi nyingine, nenda na barua huko huko. Kwa maoni yangu pia, barua 20 zilizoandikwa na watu 20, kila mmoja akieleza hali ya mlangoni pake, zina uzito kuliko barua moja yenye sahihi mia mbili, kwa kuwa kila moja huleta hoja yake.

Mkutano wa kushirikisha wananchi unahitaji tahadhari ya namna yake. Ukiingia ukumbini utapewa karatasi ya mahudhurio kabla hujapewa ajenda, na karatasi hiyo, yenye jina lako, namba ya kitambulisho na sahihi, ndiyo itakayoambatishwa baadaye kuthibitisha kwamba wananchi walishirikishwa. Isome kichwa chake kabla ya kutia sahihi. Kama kimeandikwa kwamba waliotia sahihi wanaunga mkono mradi, kata maneno hayo kwa kalamu au andika kando ya jina lako kwamba unapinga, kisha ipige picha. Omba swali lako liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na siku ya pili litume tena kwa maandishi.

Mahakama zimeonyesha mara kadhaa kwamba ushirikishwaji wa jina tu hautoshi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, likieleza miongoni mwa sababu zake kwamba wakazi hawakupewa nafasi ya kweli ya kuijadili ripoti ya athari za mradi. Mtambo si soko, lakini hoja ni ile ile.

Kaunti ikikataa pingamizi lako na kutoa kibali, saa nyingine inaanza kuhesabu. Una siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango, ambayo maafisa huiita Liaison, nayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 14 tangu rufaa iwasilishwe. Asiyeridhika huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya mazingira inayotolewa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, ina njia yake mbali: rufaa yake huenda kwa jopo la mazingira ndani ya siku 60. Usiruke hatua hizi na kukimbilia mahakamani moja kwa moja, kwani majaji wamewarudisha wengi nyumbani kwa kosa hilo, na huku wakirudishwa msingi wa jengo unamwagwa zege.

Wafanyabiashara wapime hali yao mapema, kwa kuwa haki zao hutofautiana kulingana na mwenye jengo. Mpangaji wa duka la mtu binafsi ambaye mkataba wake unalindwa na sheria ya wapangaji wa maduka na mikahawa, yaani Sura ya 301, hawezi kuondolewa kwa ajili ya ubomoaji bila notisi ya miezi miwili, na anaweza kuipinga kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara. Lakini sheria hiyo inasema wazi kwamba haihusu upangaji ambao serikali au mamlaka ya mtaa ni mmoja wa pande zake. Mwenye kibanda katika soko la kaunti, hata akiwa amelipa kodi miaka 30, hapati kinga hiyo, na ndiyo sababu anapaswa kudai orodha ya wafanyabiashara iandikwe na ibandikwe hadharani, na ahadi ya kurudishwa iwe ya maandishi, kabla hajafungasha mzigo wake. Hata wanaokalia ardhi ya umma bila kibali wana haki ya notisi ya miezi mitatu chini ya Sheria ya Ardhi.

Mwisho, kibali kikishatolewa, omba nakala ya masharti yaliyoambatana nacho, kama vile idadi ya ghorofa, mitaro na maegesho, maana ujenzi unaoyakiuka unaweza kusimamishwa na kaunti kwa notisi. Nakala yetu sisi iko dukani kwa muuza vipuri aliye mkabala na lango la ujenzi, naye huhesabu ghorofa kila wanapomwaga zege.