Kamera ya kwanza Dar: itumie, isije ikaota fangasi kabatini

Kila masika ikiisha napigiwa simu ileile. Mtu alinunua kamera kwa ajili ya harusi ya dada yake, akapiga siku moja, akairudisha kwenye mfuko wake wa ngozi na kuifungia kabatini chini ya mashuka. Mwezi wa 6 anaitoa, picha zote zimefifia kama zimepigwa katikati ya moshi wa mishkaki. Akiielekeza lenzi kwenye taa anaona nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Ni fangasi. Kamera haikuanguka wala haikunyeshewa. Kabati ndilo lililoiua.

Mimi riziki yangu ni harusi na sendofu za hapa mjini, na nusu ya ninayoandika hapa nimejifunza kwa hasara.

Hatua ya 1: Kabla hujatoa hela

Wengi wetu tunaanza na kamera ya mtumba, na si aibu. Ukiwa dukani Kariakoo, vua lenzi, washa tochi ya simu, mulika upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Vumbi dogo halina neno. Ukiona nyuzi au madoa yenye matawi, mrudishie mwenyewe, hata akupunguzie vipi. Kisha weka uwazi wa lenzi (tundu linalopitisha mwanga, hupimwa kwa namba ya f) kwenye f/16, piga anga tupu, ikuze picha. Madoa meusi yanayobaki palepale kila picha ni uchafu wa sensa (kibao cha ndani kinachonasa mwanga, si ile ya watu na makazi), na hayo husafishika. Betri iliyovimba usiichukue. Fungua menyu pia: zipo Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani ambazo lugha yake ni Kijapani tu, na huwezi kuibadilisha.

Hatua ya 2: Usiku wa kwanza

Chaji betri mpaka ijae, rekebisha tarehe na saa, funga mkanda wa shingoni. Memori kadi ifomati ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta, na fanya hivyo kila ukishahamisha picha zako sehemu mbili tofauti. Kamera ikigoma ikidai kadi imefungwa, usikimbilie kwa fundi: angalia kile kiswichi kidogo ubavuni mwa kadi.

Hatua ya 3: Toka kwenye otomatiki, lakini kwa hatua moja

Mwanga unaongozwa na vitu vitatu: uwazi wa lenzi, kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera linakaa wazi) na ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga). Ukivishika vyote siku ya kwanza utachanganyikiwa na kurudi kwenye simu. Zungusha kitufe cha juu hadi A (kwenye Canon kimeandikwa Av), weka f/5.6, ISO iache ijipange yenyewe lakini isivuke 3200. Hapo wewe unachagua uwazi tu, mengine kamera inamalizia.

Jicho lako libaki kwenye kasi ya shata. Mtu aliyesimama anataka 1/125 ya sekunde au kasi zaidi. Watoto wanaokimbia, 1/500. Ikishuka chini ya hapo, fungua lenzi zaidi (namba ya f iwe ndogo) au ruhusu ISO ipande. Picha ikiwa na chenga, mteja atakusamehe. Ikitikisika, hakuna wa kukusamehe.

Hatua ya 4: Sura zetu na shela jeupe

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi wanakwama. Kamera haijui inachokiona. Kila kitu inakipimia mwanga kana kwamba ni cha kijivu cha wastani. Mweke bibi harusi mwenye shela jeupe ajaze picha, kamera inasema "mwanga umezidi", inaupunguza, na sura yake inazama gizani. Mweke mjomba mwenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, inafanya kinyume: inaongeza mpaka suti inakuwa ya kijivu na uso unang'aa kama umepakwa mafuta.

Dawa ni kitufe chenye alama ya +/-. Kwenye weupe mwingi nenda +0.7 hadi +1, kwenye weusi mwingi shuka -0.7. Usikariri namba, tazama uso. Nyumbani jizoeze hivi: mtu avae kanzu nyeupe, asimame mlangoni, umpige picha 5 ukibadilisha kitufe hicho peke yake. Ndani ya dakika 10 utakuwa umeelewa ambacho mimi kilinichukua msimu mzima wa harusi.

Hatua ya 5: Jua la Dar

Kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri jua liko utosini. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, linapita juu ya vichwa vyetu hasa, na macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Wapeleke chini ya mwarobaini au barazani, sura zikitazama uwanja wenye mwanga.

Na jambo moja wageni wa Coco Beach husahau: bahari yetu iko mashariki. Jua linatoka majini, halizami majini. Ukienda jioni kusubiri machweo baharini utasubiri sana. Badala yake, saa 11 wapange watu wakiwa wameipa bahari mgongo; jua la magharibi linawagonga usoni, laini, na maji nyuma yao yanabaki ya bluu.

Ukitaka kupiga wachuuzi wa soko la samaki Feri, salimia na omba ruhusa kwanza. Hapo jirani, upande wa Ikulu, kamera ikae begini.

Hatua ya 6: Ukumbini

Ukiona mistari ya giza inakatiza picha, kamera si mbovu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za kumbi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Zungusha kitufe cha juu hadi S (kwenye Canon ni Tv) ili uchague shata mwenyewe, weka 1/100 au 1/50, mistari inaondoka. Taa za rangi za DJ hazitii sheria hii, wala usishindane nazo.

Hatua ya 7: Kuitunza

Siku moja nilikwenda harusi Kigamboni kwa gari lenye kiyoyozi cha kugandisha. Nikashuka, nikainua kamera, bibi harusi ndiyo anaingia, na lenzi imejaa mvuke mweupe. Nikafuta, ukarudi. Nikafuta tena, ukarudi tena. Kuingia kwake sikukupata hata picha moja. Kitu cha baridi kikitoka ghafla kwenye hewa yenye joto na unyevu, maji yanatua juu yake. Siku hizi kamera yangu inasafiri ndani ya begi lililofungwa zipu, na nikifika nusu saa mapema siifungui mpaka ipate joto la nje.

Ukitoka ufukweni au kwenye pantoni, chumvi imekwisha kutua hata kama huioni. Futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi ya bomba, kisha kikavu. Kioo cha lenzi ni kingine: kwanza puliza kwa pampu ya mpira, ndipo ufute kwa kitambaa cha miwani. Ukianza kwa kufuta, chembe ya mchanga inageuka msasa. Kanga na pindo la shati, hapana. Kupuliza kwa mdomo, hapana kabisa, utaitemea mate. Kubadilisha lenzi: zima kamera, upe upepo mgongo, mdomo wa kamera utazame chini.

Sasa kabati. Unyevu wa hewa Dar unavuka asilimia 60 siku nyingi za mwaka, na hapo ndipo fangasi wanapojisikia nyumbani. Tupa mfuko wa ngozi. Nunua boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, weka humo kipimo kidogo cha unyevu na punje za silika zinazonyonya unyevu, kipimo kisome kati ya asilimia 40 na 50. Mchele usiweke, una vumbi. Vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu mara nyingi vimeshashiba unyevu kabla havijakufikia. Kama hutapiga kwa wiki mbili, toa betri ikiwa nusu, isiwe imeisha kabisa. Na kila wiki itoe kamera, zungusha lenzi, piga hata watoto wa jirani, ipate hewa na mwanga.

Punje zinunue zile za rangi ya chungwa. Zikigeuka kijani zimeshiba: zimwage kwenye kikaango cha zamani ambacho hakipikiwi tena, moto mdogo, koroga mpaka uchungwa urudi. Zipoze ndani ya chupa iliyofungwa, maana ukiziacha wazi zitaanza kunywa hewa ya Dar kabla hazijafika bokisini.