Jua likishazama Duluti, usifunge kamera

Wapiga picha wenzangu wa Arusha, mkienda Ziwa Duluti pale Tengeru jioni, msiondoke jua likizama. Rangi nzuri mara nyingi huja dakika kumi au kumi na tano baadaye, mawingu yanapopata mwanga kutoka chini. Ila huku kwetu karibu na ikweta jua huzama wima, kwa hiyo giza huingia upesi: una kama dakika 20 tu. Chagua mahali pako mapema, ng'ambo ya mashariki, uelekee magharibi.

Sasa maji. Shusha simu mpaka karibu kabisa na uso wa ziwa. Hapo anga lote linalala majini. Ukipiga umesimama utapata nusu yake. Gusa sehemu angavu ya anga kwenye kioo, kisha punguza mwanga kidogo, la sivyo wekundu unageuka weupe. Kivuli cha anga majini huwa na giza kuliko anga lenyewe, na ndivyo kinavyopaswa kuwa, usihangaike kuvisawazisha. Zima flashi. Egemeza simu kwenye jiwe, weka taima ya sekunde tatu. Upepo ukivuma, subiri utulie.

Wanaoshuka Tanga au Pangani likizo wakumbuke kuwa bahari iko mashariki: jua huzama nyuma yako, lakini anga juu ya maji hupata waridi laini. Maji yakikupwa, mchanga uliolowa ni kioo tosha.

Na futa lenzi kabla ya yote, vumbi letu mnalijua.