Word ikikugomea usiku wa kazi: namna ya kuijua leseni ya kompyuta yako

Nina steshenari ndogo Morogoro: kompyuta mbili, printa moja, mashine ya fotokopi. Mwaka jana, Jumapili usiku, mwanafunzi alinijia na tasnifu ya kurasa 93. Alitaka tupange jedwali la yaliyomo, tuprinti, alfajiri akakabidhi. Nilipoifungua, vitufe vyote vya Word vilikuwa vimefifia na juu umejitokeza mstari mwekundu. Herufi moja haiandikiki. Binti wa watu akaanza kulia.

Basi likikukuta hili, usiite fundi aje kuifuta kompyuta. Office, yaani mkusanyiko wa programu ambamo Word imo, ikikosa leseni inakukatalia kuhariri na kuanzisha faili jipya, lakini kufungua na kuprinti inakuachia. Kazi yako ipo salama. Inakili kwenye flashi, kisha uifungue kwa LibreOffice, programu ya kazi zilezile za Office ambayo ni ya bure kabisa, au kwa Word ya kwenye kivinjari, ambayo nayo ni bure ukijisajili akaunti ya Microsoft. Ukitumia LibreOffice hakikisha kuna fonti ya Carlito. Vipimo vyake ni sawa na vya Calibri, kwa hiyo mistari haihami ovyo. Caladea nayo inakaa mahali pa Cambria. Sisi tuliokuwa hatuyajui haya tulihangaika hadi saa nane usiku.

Windows yenyewe ina upole zaidi, na upole huo ndio unaotuponza. Inaandika "Activate Windows" kwa rangi hafifu pembeni kulia, chini, inakuzuia kubadili picha ya ukutani kwenye mipangilio, halafu kazi zinaendelea. Watu wanayazoea yale maandishi miaka na miaka.

Usiyazoee. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli, bonyeza Enter, subiri kidogo. Kinakuja kisanduku kidogo. Tafuta penye neno "channel". Ukikuta OEM, leseni ilikuja na mashine kutoka kiwandani na imefungamana na ubao wake mkuu. RETAIL ni ya kununuliwa peke yake. Ukikuta VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptopu yako ya nyumbani, hapo simama. Leseni hiyo ni ya taasisi: kompyuta inatakiwa kuwasiliana na seva, yaani kompyuta kuu, ya taasisi hiyo, na uhai wake ni siku 180 tu kila inapothibitishwa. Wewe seva hiyo huna. Ama mashine ilistaafishwa ofisini ikauzwa na leseni isiyo yako, ama mtu ameweka kraki, yaani programu ya kughushi leseni, inayojifanya seva. Andika pia slmgr /xpr, itakuambia leseni inaisha lini.

Yangu ilikuwa hivyohivyo. Niliinunua imetumika, na mara tatu nilimlipa fundi "aiaktiveti" upya. Kila mara jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuzima antivairasi. Naomba msomaji ulitafakari hilo. Kwenye kompyuta hiyohiyo naingia benki, na wateja wananiletea vyeti na vitambulisho vyao nivitoe kopi. Aidha, mwenye kuweka kraki mara nyingi anazima na masasisho ili isigundulike. Mei 2017 virusi vya WannaCry viliingia kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi kama 150, ilhali sasisho la kuziba tundu lile lilikuwa limetolewa Machi. Na kisheria pia hatuko salama: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta pamoja na vitabu.

Lililoniuma zaidi nililijua mwishoni. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au za baada ya hapo zina ufunguo wa leseni uliohifadhiwa ndani ya ubao. Yangu ilikuwa nao siku zote! Nilihamisha mafaili yote, nikachukua flashi ya GB 8, nikapakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft na kuisimika upya kwa toleo lilelile la kiwandani, Pro kwa Pro. Ilipopata intaneti ikajithibitisha yenyewe. Sikulipa hata senti. Fundi angeweza kuniambia mara ya kwanza.

Ufunguo huo hauihusu Office. Ile ina leseni yake. Mimi nimebaki na LibreOffice, ndugu wa ile Jambo OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu. Mteja akitaka faili la Word namhifadhia kwa docx, na la kuprinti nalifanya PDF kwanza.

Ukienda kununua laptopu iliyotumika, yafanye haya palepale dukani kabla hujatoa hela: iunganishe na intaneti ya simu yako, andika slmgr /dli mbele ya muuzaji, kisha fungua Word ujaribu kuandika jina lako. Muulize leseni ya Office ni ya nani, na aandike jibu kwenye risiti. Akikuambia "hiyo usijali, ikigoma niletee", muulize atakuwa wapi Jumapili usiku.