Bunduki ya kwanza ya peintiboli: anza na mtungi

Ukitaka kununua bunduki yako ya kwanza ya peintiboli, mchezo wa kupigana kwa gololi za rangi, na unaishi Arusha au Moshi, usianze kwa kuangalia bunduki. Jiulize kwanza mtungi wako wa gesi utajazwa wapi. Gololi ya rangi husukumwa ama na hewa iliyoshindiliwa ama na CO2 (gesi ya kaboni dioksaidi), na gesi utakayoipata jirani ndiyo itakayokuchagulia bunduki.

Hewa ni bora kwa sababu presha yake haiyumbi. Tatizo ni kuijaza: mtungi unataka psi (kipimo cha presha) 3000 au 4500, wakati kompresa ya gereji ya kujazia matairi huishia psi 150 hivi. Kompresa za wazamiaji zinafikia 3000, lakini hizo utazitafuta Dar au Zanzibar. Kwa CO2, uliza kwa wanaojaza mitungi ya kuzimia moto na wauzaji wa gesi za viwandani. Ulizia mambo mawili: kama wana kiunganishi kinachoingia kwenye mtungi wako, na kama wana mizani. CO2 hujazwa kwa uzito. Mtungi wa aunsi 20 haupaswi kupokea zaidi ya gramu 567. Anayejaza kwa kukisia, mwache.

Ukiangukia kwenye CO2, chukua bunduki ya kawaida isiyotumia betri. Tippmann 98 Custom ni chaguo zuri: ngumu, na inafunguka kwa alenki. Zile za umeme ziache kwanza, maana CO2 ikipenya ikiwa bado kimiminika huharibu vali yake ndogo.

CO2 pia hufuata hali ya hewa. Kwenye nyuzi 10 presha yake ni kama psi 650, kwenye 20 ni kama 830, na kwenye 30 inapita 1000. Kwa hiyo asubuhi ya Julai pale Arusha gololi zinaweza kuanguka karibu, na ukiongeza mwendo wa bunduki kwa baridi hiyo, mchana itapiga kupita kiasi. Moshi mwezi wa Februari, usiache mtungi kwenye gari lililofungwa juani: kisahani cha usalama kinaweza kupasuka na gesi yote ikatoka.

Muuzaji akisema bunduki ya bei kubwa inapiga mbali zaidi, usimsikilize. Viwanja vingi huweka kikomo cha futi 300 kwa sekunde, na gololi mbili za aina moja zenye mwendo mmoja hufika umbali uleule. Pesa ya ziada inakununulia wepesi wa kufyatua na matumizi madogo ya gesi. Iweke kwenye barakoa: yenye alama ya ASTM F1776 (kiwango cha usalama cha kinga ya macho ya peintiboli), inayofunika masikio, kioo kisicho na ufa. Miwani ya bodaboda au ya fundi wa kuchomelea haifai hata kidogo. Gololi moja inaweza kukupofua.

Chukua kipenyo cha inchi .68, ndicho wachezaji wengi wanacho, hivyo mtaazimana gololi. Na kabla ya kulipa chochote nje ya nchi, pata jibu la maandishi kutoka polisi na ulizia ushuru TRA. Kitu chenye umbo la bunduki hakipiti forodha kimyakimya.

Ya mtumba ikaguliwe hivi. Vaa barakoa, ziba mtutu kwa mfuko wake, ondoa gololi, kisha funga mtungi na usikilize. Ikilia “sss” shingoni, kosa mara nyingi ni oringi ya mtungi (pete ya kuzuia uvujaji), namba 015: kipenyo cha ndani milimita 14, unene 1.78. Usiweke ile nyeusi ya raba ya duka la spea. Hunywa CO2, ikavimba na kupasuka. Tafuta ya polyurethane, aina ya plastiki inayonyumbuka. Ikivujia mtutuni, kuna sili ya ndani iliyochoka, na hapo punguza bei au uondoke.

Mwisho pima mwendo kwa kronografu (kifaa cha kupimia mwendo wa gololi), gololi tatu tatu. Rekebisha skrubu robo mzunguko kwa mara moja, ukifuata kitabu cha bunduki hiyo, kwa kuwa kwenye Tippmann 98 kukaza hupunguza mwendo na kwenye nyingine huongeza. Lenga futi 280 kwa sekunde, na jua likipanda pima upya.